Arabuni ya Roho: nani hapa anamlipa nani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisumu, upande wa Mamboleo. Nimelifupisha kidogo:

"Bwana asifiwe mwalimu. Kwa kesha yetu mhubiri mgeni alisoma Waefeso 1:14, akasema Roho ni arabuni na arabuni kwa Kigiriki ni dipositi, kwa hivyo kila anayetaka kumiliki urithi wake mwaka huu aachilie dipositi yake kwa imani, namba ya M-Pesa ikawekwa kwa skrini. Nilituma elfu moja. Sasa mimi dipositi naijua, manake nililipa ya ploti, mwenye ploti akapata mtu wa bei ya juu, mpaka leo nafuatilia pesa yangu. Hilo neno lenyewe linamaanisha nini? Mungu anaweza kurudi nyuma kama yule mzee wa ploti? Na mimi nikianguka, anachukua dipositi yake? Na kama kweli ninayo, mbona bado naishi hivi, mtoto mgonjwa kila wiki?"

Amina dada. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, na hilo la mwisho ndilo zito, tutalifikia.

Nianze na mhubiri kwa sababu hapo hapana kazi kubwa. Neno la Kigiriki ni arrabon, na ni kweli ni dipositi, pesa ya kutangulia inayofunga mapatano. Hapo hakudanganya. Alikodanganya, au alikoteleza tuseme, ni kwa mwelekeo wa pesa. Agano Jipya lote lina hilo neno mara 3 tu, 2 Wakorintho 1:22, 2 Wakorintho 5:5 na hiyo Waefeso 1:14 yenu, kwa hivyo unaweza kukagua yote kabla chai haijapoa. Zote 3 anayetoa ni Mungu. Zote 3 anayepokea ni sisi. "Akatupa arabuni ya Roho mioyoni mwetu," ndivyo Biblia ya Union inavyosema, akatupa, si tukampa. Sasa mtu akisimama akwambie utume arabuni ndio urithi uachiliwe, amekufanya wewe mnunuzi na Mungu muuzaji, yaani ameushika ule mstari akaugeuza ndani nje, halafu akauweka kwa skrini.

Na si ati Paulo alikuwa anaona haya kuomba pesa, hapana. Barua hiyohiyo ya 2 Wakorintho, sura ya 8 na ya 9 zote mbili, anachangisha waziwazi kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na anawasukuma Wakorintho kabisa, mpaka anawaambia Wamakedonia maskini wametoa kuwashinda. Angalia anaiita nini hiyo pesa: neema, huduma, baraka, ukarimu. Neno arabuni alikuwa nalo mkononi, ametoka kulitumia mara mbili kwa barua hiyohiyo, na kwa mchango hakuligusa hata kidogo. Mimi kwangu hiyo inatosha. Elfu moja yako ihesabu ni sadaka, Mungu anajua ulitoa kwa moyo gani, ila wakipiga simu kudai balansi usitume.

Sasa neno lenyewe. Hapa mniruhusu nikae kidogo kwa sababu Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Arrabon si Kigiriki cha asili, Wagiriki walilichukua kutoka lugha za Mashariki ya Kati, wataalamu wengi wanaona waliolipeleka ni wafanyabiashara Wafoinike wa pwani ya Lebanoni, mamia ya miaka kabla ya Kristo. Kiebrania kinalo, erabon. Kiarabu kinalo, arabun, na Kiarabu hichohicho kikaja na majahazi mpaka pwani yetu, ndio tukapata arabuni. Kwa hivyo unapolitamka huku Mamboleo unatamka karibu kabisa na vile Paulo alivyomtamkia mwandishi wake. Waliotengeneza Biblia ya Union ya 1952 hawakuhitaji kutafuta neno la kufanana, walilikuta tayari sokoni, ni lilelile.

Na lilikuwa neno la soko kwelikweli, si la hekaluni. Aristotle anasimulia habari za Thales, yule mwanafalsafa wa Mileto wa karne ya 6 kabla ya Kristo, watu walimcheka ati elimu yake haimtoi umaskini. Yeye akaangalia nyota, akajua mwaka ujao zeituni zitazaa sana, na kukiwa bado ni majira ya baridi akachukua vijisenti alivyokuwa navyo akazunguka Mileto na kisiwa cha Chios analipia arrabon mashine zote za kukamua mafuta. Kwa bei ya kutupa, manake hakuna mwingine aliyezitaka. Mavuno yalipofika kila mtu anakimbilia mashine, kumbe zote zimeshikwa na Thales, akazikodisha kwa bei aliyotaka mwenyewe. Mileto hiyo ndiyo Paulo alipitia kwa Matendo 20 akaita wazee wa Efeso waje kumuaga.

Ukitaka watu wa kawaida zaidi, nenda Misri. Kuanzia 1896 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walichimba majaa ya takataka ya mji unaoitwa Oxyrhynchus, wakatoa makaratasi ya mafunjo kwa maelfu, risiti, barua, mikataba, vitu ambavyo watu walitupa tu. Barua moja ya karne ya 1, karibu na wakati wa mitume wenyewe, mtu anamwandikia mwenzake kuhusu mshika panya anaitwa Lampon: nimemlipa kwa niaba yako arrabon ya drakma 8 aje ashike panya, tafadhali nirudishie. Ndio hiyo. Kuna karatasi nyingine ya Misri, ya karne ya 2 kabla ya Kristo, mwanamke anauza ng'ombe na amepokea drakma 1,000 kama arrabon. Kwa hivyo barua ya Paulo iliposomwa kanisani Korintho hakuna mtu aliinua mkono kuuliza hilo neno la kiroho maana yake nini. Kila mama wa soko alilijua, na Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema mjini humo pamoja na Akila na Prisila, Matendo 18:3, si ajabu naye alipokea arabuni za watu akashona.

Kulikuwa na kanuni yake pia, na hapa ndipo ploti yako inaingia. Desturi ya Wagiriki, ambayo baadaye Kaizari Justinian aliiandika kwa sheria za Roma katika karne ya 6 baada ya Kristo, ilikuwa hivi: aliyetoa arabuni akirudi nyuma, inapotea, aliyepokea akirudi nyuma, anarudisha mara mbili. Wafaransa mpaka leo wana sheria hiyohiyo na neno lilelile limekatwa tu mkia, arrhes. Sasa yule mzee wa ploti alikuwa mpokeaji. Huko zamani angedaiwa nini, angekurudishia ile dipositi na nyingine juu yake. Sisi huku agrimenti ya wakili kwa kawaida inasema asilimia 10 inatangulia halafu mambo yakiharibika ni kuandikiana barua mpaka mchoke, pole sana kwa hilo.

Lakini ona, kwa Mungu viti vimebadilishana. Yeye si yule mzee. Yeye ndiye mwenye kutoa. Mtu anayelipa arabuni anasema mbele ya mashahidi, nimejifunga, nikiacha hii kitu mwenye hasara ni mimi. Na kile alichoweka Mungu si drakma 8, ameweka Roho wake mwenyewe. Ukiniuliza anaweza kurudi nyuma, nitakuuliza atarudi nyuma aache nini huku? Paulo hakuchagua neno la soko ili apendeze wafanyabiashara, alilichagua kwa sababu lina kifungo ndani yake.

Na soma habari yote, usisome mstari mmoja. Kwa 2 Wakorintho sura ya 1 Paulo alikuwa na kesi. Aliwaahidi Wakorintho atapita kwao, halafu hakupita, na maneno yakaanza, ati huyu ni kigeugeu, leo ndiyo kesho siyo, na kama safari yake haiaminiki injili yake je? Yeye anajibu kwamba ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, kisha anarundika maneno manne ya mfululizo: Mungu ndiye anayetufanya imara, ametutia mafuta, ametutia muhuri, ametupa arabuni. La kwanza, lile la kufanywa imara, nalo liko kwa mikataba ya wakati ule, ni la muuzaji kuhakikishia mnunuzi. Muhuri ni wa mali, kuonyesha ni ya nani. Utadhani uko kwa ofisi ya wakili. Anasema, safari zangu mimi zinaweza kubadilika, na sababu ninayo, lakini Mungu ameshaandikiana na nyinyi na ameshalipa. Nikisoma hapo huwa nafurahi sana, manake ni mtu ametukanwa na badala ya kujitetea sana akawaelekeza kwa agrimenti.

Hapa niingize kitu kidogo kuhusu tafsiri, kwa sababu najua wengine kwenu wanatumia Habari Njema na hiyo imeweka dhamana. Si vibaya, wazo la uhakika limo. Lakini dhamana, kama ile ya kortini, ukimaliza kesi unarudishiwa. Rehani vilevile, ukilipa deni unachukua kitu chako. Mwanzo 38 Yuda anamwachia Tamari muhuri wake, kamba na fimbo mpaka atakapomtumia mwana-mbuzi, na hiyo Union imeiita rehani, sawa kabisa, ingawa Kiebrania ni erabon na tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale ina arrabon ileile, manake pale Yuda alitaka vitu vyake virudi (na vile vilivyorudi tunajua, alitamani visirudi). Kwa Paulo neno limesogea. Arabuni yake hairudishwi, inahesabiwa ndani ya bei, ni sehemu ya kitu chenyewe. Waliotafsiri kwanza kwa Kilatini walitumia neno la rehani na Jerome, msomi wa Biblia ya Kilatini, akalalamika kwamba haitoshi, Augustine, askofu wa Afrika Kaskazini, naye akalikataa kwa hoja hiyohiyo: rehani inarudi, arabuni inakamilishwa. Kwa hivyo kwa hili nasimama na Union.

Na bado kuna wale wa harusi. Utasikia mhubiri anasema arrabon ni pete ya uchumba, Roho ni pete na Yesu ni bwana harusi. Kwa Kigiriki cha leo ni kweli, ukienda Athens arravonas ni uchumba, pete zinavalishwa. Lakini hiyo ni maana iliyokua baadaye, haifai kumrudishia Paulo mdomoni, kwake ni biashara. Si uzushi, ni mahubiri mazuri yamewekwa kwa mstari ambao si wake.

Haya, "nikianguka je". Paulo kwa Waefeso anarudi kwa ule muhuri, sura ya 4 mstari wa 30, anasema msimhuzunishe Roho Mtakatifu wa Mungu ambaye kwa yeye mlitiwa muhuri hata siku ya ukombozi. Ona anaowaambia: watu ambao mstari wa 28 unawaambia waache kuiba, wa 29 waache maneno machafu, wa 31 waache uchungu na makelele na matukano. Yaani hawa hawakuwa malaika. Na hawaambii Roho ataondoka mkiendelea, anawaambia anahuzunika. Anayehuzunika ni yule ambaye bado yumo nyumbani. Kwa hivyo ile hofu ya kwamba ukikasirikia mume Jumatatu, kufikia Jumanne arabuni imeshachukuliwa, hiyo itoe kabisa, haiko kwa neno hili.

Lakini nisikudanganye kwamba makanisa yote yamekubaliana. Waliofuata mafundisho ya John Calvin wanasema aliyetiwa muhuri kweli atafika tu, Mungu hapotezi alichokilipia. Waliofuata John Wesley, na Wapentekoste wengi, wanasema Mungu hatarudi nyuma lakini mtu mwenyewe anaweza kuikataa mpaka mwisho, na wanakuonyesha Waebrania 6:4-6, panaposema waliokwisha kupewa nuru wakaanguka, haiwezekani kuwarudisha tena watubu. Huku kwetu Western tuko na Marafiki (Quakers) tangu Kaimosi 1902, Waanglikana tangu Maseno 1906, Wapentekoste wa Nyang'ori, Wakatoliki, na kwa boma moja unaweza kukuta wote, kwa hivyo mabishano haya yataendelea hata kwa matanga. Mimi maoni yangu ni kwamba neno arabuni linajibu swali la Mungu ataacha ama hataacha, na hilo linalijibu kwa nguvu sana. Swali la mtu kukataa halikuwa mezani Paulo alipoandika huo mstari, tusimlazimishe alijibu. Ila nimeona hivi, anayeuliza kwa wasiwasi kama wewe si yule Waebrania anamsema. Yule wa Waebrania ameshaacha kuuliza.

Sasa la mwisho. Mbona bado.

Dada, arabuni ina pande mbili na wahubiri wengi wanapenda mmoja tu. Upande mmoja ni uhakika, hiyo tumesema. Upande wa pili ni kwamba si yote. Mtu akilipa asilimia 10 ya ploti hakuna anayesema ploti imelipwa, na hakuna anayesema haijalipwa. Uko katikati, na hapo katikati ndipo Paulo anatuweka bila kuona aibu. Angalia alivyoitumia mara ya pili, 2 Wakorintho 5. Anazungumzia mwili kama hema, fundi wa mahema anajua hema linavyochakaa, anasema sisi tulio ndani yake "twaugua, tukilemewa," yaani tunapiga kite kwa uzito. Mstari wa 4 twaugua. Mstari wa 5, unaofuata palepale, "aliyetupa arabuni ya Roho." Hajasema mwenye arabuni haugui. Ameweka kuugua na arabuni kwa mtu mmoja, sentensi zimefuatana.

Warumi 8:23 anarudia wazo hilohilo kwa neno la shambani badala ya la soko, malimbuko: sisi wenyewe tulio na malimbuko ya Roho "tunaugua katika nafsi zetu," tukingoja ukombozi wa mwili wetu. Mwili, ona. Afya ya mwili ameiweka kwa balansi. Simaanishi Mungu haponyi leo, anaponya, nimeona, na ukiombea mtoto unafanya vizuri. Namaanisha kwamba mtoto kuugua kila wiki si ushahidi kwamba huna Roho, wala si ushahidi kwamba kuna kiasi hujatuma. Aliyekwambia hivyo, ama aliyekufanya ufikiri hivyo, amekubebesha mzigo ambao Paulo mwenyewe hakuubeba, na yeye alikuwa na mwiba mwilini, akaomba mara 3, hakutolewa, 2 Wakorintho 12, barua ileile tena. Na mtoto mpeleke hospitali mapema, usingoje kesha lingine, homa ya huku kandokando ya ziwa huwa ni malaria mpaka kipimo kiseme si malaria.

Unaweza kuuliza basi hiyo arabuni kwa mkono inaonekana wapi, kama si ploti na si afya. Kwa vile arabuni ni ya aina moja na kile kinachokuja, angalia urithi ni nini kwa Waefeso yenyewe. Sura ya 1 mstari wa 14 inasema urithi wetu, na papo hapo inasema ukombozi wa milki yake, yaani sisi tunarithi na sisi ndio tunarithiwa, Mungu anapata watu wake na watu wanampata Mungu. Urithi ni yeye. Kwa hivyo kionjo chake kinafanana naye: unaomba ukimwita Baba na hushangai, umesamehe mtu ambaye kwa akili yako hungemsamehe, una amani kidogo ambayo haina sababu, ukitenda dhambi inakuuma siku hizi na zamani haikuuma. Wagalatia 5:22 ina orodha ndefu. Ni vitu vidogo, najua, na haviwezi kuwekwa kwa skrini. Lakini ni pesa ya nchi ileile, si kokoto zilizopakwa rangi.

Kwa sehemu niliyoikata umesema wiki ijayo mna mafundisho ya kina mama na wamekupa dakika chache. Usianze na Waefeso, anza na 2 Wakorintho 1:15, pale Paulo anaanza kujieleza kuhusu safari, usome mpaka 22 bila kukatiza ili wasikie kesi yenyewe, halafu 5:1-5, na Warumi 8:18-27 mkipata nafasi. Waulize tu kwa kila sehemu, nani anatoa, nani anapokea, na waache wajibu wenyewe. Mkifika Waebrania 6 mkakwama, msigombane, niandikie, hiyo inataka jibu lake peke yake.